Jembe Moja, Mtu Mmoja

Nilihamia kijijini kwa mjomba nikiwa na kanzu mbili, kofia moja, na penseli niliyoichomeka sikioni ili kila mtu aone kwamba najua kuandika. Hakuna aliyeiona. Walichoona ni mikono yangu. Kijana mmoja aliishika, akaigeuza viganja juu, akawaita wenzake waje watazame. Wakaja, wakatazama, wakacheka, wakaenda zao. Mpaka leo nikikumbuka nachukia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Baba yangu, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, alifariki Tinde, na ndugu zake walipomaliza matanga wakafunga duka wakarudi kwao. Mama hakuwa na kwao pwani. Kwao kulikuwa mwendo wa nusu siku kutoka Tinde, kwa kaka yake, kwa Wasukuma wenzake na ng'ombe wao. Akafunga mizigo, akanichukua na mimi, kijana wa miaka kumi na minane niliyelelewa dukani, msomaji wa Kurani na wa herufi za Kizungu, nisiyejua ng'ombe analala kwa upande gani.

Mjomba alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Alimpa mama shamba kubwa lenye udongo mweusi. Ukubwa ndio uliotuponza. Msimu wa kwanza mama alililima peke yake. Mimi nilimsaidia siku mbili nikaugua siku nne. Tulipanda kipande kidogo, kilichobaki kikachukuliwa na magugu, na mtama wetu uliisha wakati wenzetu bado wana maghala yamejaa. Tukala kwa mjomba, na mke wa mjomba alikuwa anapakua huku anapumua kwa sauti.

Shamba kama lile Usukumani halilimwi na mtu mmoja. Vijana wa kijiji wana umoja wao, basumba, wanaokwenda shamba hadi shamba wakiimba, na kwa asubuhi chache wanamaliza kazi ya mwezi. Wana kiongozi wao, nsumba ntale, wanayemchagua wenyewe, na yeye ndiye anayesema kesho tunalima kwa nani. Lakini hawaendi kwenye nyumba ambayo haina kijana katika umoja. Nyumba yetu ilikuwa na kijana, ila kijana mwenyewe ndiye mimi. Nilipokwenda kuomba kuingia, nsumba ntale wa wakati huo aliniuliza, "Utakuja kulima na nini? Na hiyo penseli?"

Mama hakulalamika. Afadhali angelalamika. Alikuwa anarudi jioni, anakaa chini, anaegemeza mgongo ukutani, halafu ananiuliza mimi kama nimechoka. Kitu kimoja tu alinitia aibu nacho: akitaka nije kula, haniiti kwa jina. Anatoa mlio mrefu wa ulimi na koo, ule ambao watu wa kwao huwaitia ndama. Alinizoeza hivyo tangu nikiwa mdogo Tinde. Nilimwambia aache, mimi sasa ni mtu mzima, tena msomi. Akasema sawa. Kesho yake akaita vilevile.

Basi nsumba ntale akaoa, akasema sasa ana nyumba yake ya kuangalia, vijana watafute mwingine. Waliojitokeza walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mchezaji ngoma hodari, mwenye maneno mengi na shanga nyingi, ambaye akipita wasichana huacha kutwanga. Wa pili alikuwa mchunga ng'ombe mrefu, mkimya, ambaye ukimsalimia asubuhi hukujibu mchana.

Kura ya kule ilipigwa kwa jembe. Kila kijana alikuja na jembe lake akalilaza mbele ya mtu anayemtaka, kisha majembe yakahesabiwa. Ni njia nzuri, ila uchaguzi uliopita ulikuwa umeharibika. Watu walileta majembe mawili mawili, mengine ya marehemu babu zao. Wengine walitoka vijiji vya ng'ambo ya mto, wakalaza majembe, wakala nyama, wakaondoka. Ikaishia mipini ikipasua vichwa. Mjomba hakutaka tena kushona watu majeraha.

"Mpwa wangu," akaniambia, "ile penseli yako inafanya kazi au ni pambo?"

Nikamwambia inafanya kazi.

"Basi niandikie vijana wote wa kijiji hiki. Siku ya kuchagua, asiyeandikwa asichague. Na uwafundishe wasilete fujo."

Niliona milango ya mbingu imefunguka. Niliamini kwamba kijiji kikishaona kazi yangu, umoja wenyewe utaniita, na shamba la mama litalimwa. Nilimpelekea mama habari mbio mbio. Alikuwa anaondoa udongo kwenye jembe kwa kijiti. Akaniuliza, "Na wewe utajiandika?"

"Mama, karani hajiandiki," nikamjibu, na nilicheka kidogo, kicheko cha mtu mkubwa. Mungu anisamehe.

Mjomba alikuwa na daftari jipya alilonunua kwenye duka la Mhindi Shinyanga akaliweka bila kujua la nini. Nikalichukua, nikavaa kanzu safi, nikaanza kuzunguka mji kwa mji, yaani boma kwa boma. Nilikuwa napewa kigoda karibu na zizi, vijana wa mji ule wanaitwa, nami nauliza, "Jina lako nani?" Nilitegemea ubishi. Sikuupata. Kila kijana alisimama vizuri, akageuka akatazama zizini kidogo, kama mtu anayefikiri, kisha akataja jina kwa adabu. Nikajiambia, hawa watu wanasemwa vibaya bure.

Na majina yalikuwa mazuri! Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini nilielewa maana ya baadhi. Kijana mmoja alijitaja kwa jina lenye maana ya Baka Jeupe Shingoni. Nilimtazama shingo, sikuona baka. Nikaona labda lilikuwepo alipozaliwa. Mwingine alikuwa Pembe Zilizopinda. Huyo nikamwandika taratibu, kwa heshima, nikidhani ni jina la ukoo wa watemi. Mwingine aliitwa Anayekataa Kukamuliwa. Hapo nilisita. Nikamwuliza kama ndilo jina lake kweli. Akasema ndilo, amelirithi kwa shangazi yake. Nikaandika. Wenzake wote walikuwa wametazama chini, na mabega yanawacheza. Nikajua ni haya ya vijana wa shamba mbele ya msomi.

Katika mji wa mwisho alikuwepo bibi kizee mmoja aliyelitazama daftari langu bila kupepesa. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akauliza, "Kalani, kitabu hicho kinapelekwa wapi?"

"Hakiendi popote, bibi. Ni cha hapahapa."

"Hata kile kingine walisema hivyo," akasema, akaingia ndani. Sikujishughulisha kuuliza kingine kipi.

Baada ya kuandika, nikawaita kwa mafunzo. Sheria yangu ilikuwa fupi na niliipenda sana: jembe moja, mtu mmoja, na asiyeandikwa hachagui. Niliwafanya waiseme kwa sauti mpaka kunguru wakaruka. Kisha nikasema tufanye mazoezi, kila mtu alaze jembe, lakini tusitumie majina ya wagombea, wasije wakaanza kugombana kabla ya siku. Tuchague kati ya vyakula viwili: michembe, yaani viazi vilivyokatwa vikaanikwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza.

Nilidhani nimechagua jambo dogo. Kijana wa kwanza alilaza jembe upande wa matobolwa, wa pili akamwuliza kama nyumbani kwao hawana meno. Wa tatu akamtetea wa kwanza. Mambo yakamfikia mama wa mtu, jinsi anavyoanika na anavyoacha mbuzi wapite juu ya viazi vyake. Nilipiga kelele, "Ni mazoezi! Ni mazoezi!" mpaka sauti ikakauka. Michembe ilishinda. Watu wa matobolwa hawakusalimiana na wenzao siku mbili, na mjomba akaniuliza kwa upole kama nina mafunzo mengine.

Siku tatu kabla ya uchaguzi, mchezaji ngoma alikuja kwetu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alimwamkia mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaweka kibuyu miguuni pake, akanivuta nyuma ya nyumba.

"Nina binamu zangu kumi ng'ambo ya mto," akasema. "Waandike. Nikishinda, mvua ya kwanza ikinyesha tutaanzia shambani kwa mama yako. Kabla ya kwa mjomba wako. Kabla ya kwa mtu yeyote."

Nilitaka kusema ndiyo. Sitajipamba hapa. Nililiona lile shamba limefyekwa, limetifuliwa, limesimama tuta kwa tuta. Nikamwambia nitafikiri, nikaenda kumweleza mama. Mama alikuwa anakunywa yale maziwa.

"Wakija kulima kwa ajili hiyo," akasema, "mwakani watakuja kutaka nini?" Akafuta mdomo. "Maziwa ni mazuri lakini. Mrudishie kibuyu na umshukuru."

Nikamrudishia. Nilikataa kwa Kiswahili kirefu cha dukani kilichojaa haki na dhamana. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, kalani," akasema. "Basi mama yako na alime peke yake mpaka ajifukie."

Siku ya kuchagua tulikusanyika kando ya mto, ambao wakati ule wa kiangazi ulikuwa mchanga mtupu wenye visima vya kuchimba. Vijana walikuja na majembe begani. Wanawake walikaa upande mmoja, wazee upande mwingine. Wale binamu wa ng'ambo walikuwepo pia, wamechanganyika na wenyeji, na majembe yao. Sikuhofia. Daftari lilikuwa mkononi. Mama hakuwepo, alikuwa shambani anafyeka.

Nikasimama juu ya gogo, nikakohoa, nikasoma jina la kwanza: "Baka Jeupe Shingoni!"

Hakuna aliyetoka.

Nikasoma tena. Vijana walitazamana. Mmoja akaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Nikasoma mara ya tatu, kwa sauti ya kuita watu kwenye moto, na wakati huohuo ng'ombe wa kijiji walikuwa wanateremka kwenye visima, maana saa ya kunyweshwa ilikuwa imefika. Katikati ya kundi, ng'ombe mmoja mweusi akasimama. Akageuza kichwa, akanitazama. Shingoni alikuwa na baka jeupe.

Sijui ni nani aliyecheka kwanza. Nadhani ni yule bibi kizee, kwa sababu alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. Kisha walicheka wote, wazee kwa vijana, na mjomba wangu, mkuu wa kijiji, akajifunika uso kwa shuka. Nilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Pembe Zilizopinda. Anayekataa Kukamuliwa. Mkia Mfupi. Macho yalinitoka. Nilikuwa nimeandikisha kundi zima la ng'ombe, kwa mwandiko mzuri sana.

Bibi kizee aliposaidiwa kukaa, hakuwa anacheka tena. "Usituchukie, kalani," akasema. "Wakati wa vita alikuja kalani mwingine na kitabu kama hicho. Mwanangu alitaja jina lake, akaandikwa, kisha kitabu kikamwita kwenda kubeba mizigo. Hakurudi. Ndiyo maana niliwaambia vijana hawa, msitoe majina. Kitabu kikiita tena, na waende ng'ombe."

Hasira yangu yote ilinitoka, nikabaki nimeshika daftari kama mtu aliyeshika kitu cha kuiba.

Mchezaji ngoma ndiye aliyeinuka haraka. "Kitabu ni cha uongo," akatangaza. "Kwa hiyo hakuna aliyeandikwa. Kila mwenye jembe achague!" Na binamu zake kumi wakasogea mbele.

Mjomba akanigeukia. "Sheria ni yako, mpwa. Inasemaje?"

Sheria yangu ilisema asiyeandikwa hachagui. Kwa hiyo wenye haki ya kuchagua siku ile walikuwa wanakunywa maji. Nilimwambia hivyo, na watu wakacheka upya.

"Basi tuwatumie haohao," akasema yule bibi. "Kila ng'ombe anamjua anayemchunga. Kalani asome jina. Anayesema ni lake amwite ng'ombe wake. Akigeuka, kijana ni wa hapa, alaze jembe. Asipogeuka, arudi kwao."

Nimeishi miaka mingi na nimeona chaguzi nyingine zenye mihuri na masanduku, lakini sijaona uhakiki wa wapiga kura ulio safi kuliko ule. Nilisoma, kijana akatoka, akapiga mluzi wake au akaita kwa sauti yake, na kule visimani kichwa kimoja kikainuka. Jembe likalala. Jina lililofuata, mluzi mwingine, kichwa kingine. Hakuna aliyeweza kulaza majembe mawili, maana hakuna aliyekuwa na ng'ombe wawili kitabuni. Yule Anayekataa Kukamuliwa alikuja mpaka kwenye gogo, akanusa kanzu yangu, akaanza kuitafuna.

Binamu mmoja wa ng'ambo alijaribu. Nilipotaja Pembe Zilizopinda akaruka, "Ni mimi!" Akaambiwa amwite. Akaita kwa sauti nzuri tu. Pembe Zilizopinda, ambaye alikuwa dume kubwa lenye roho mbaya, aliinua kichwa kweli, akamtazama, kisha akaanza kumjia, si kwa mapenzi. Yule binamu aliuvuka mto akaacha jembe. Wengine tisa walimfuata kwa heshima zao.

Majembe yalipohesabiwa, mchunga ng'ombe mkimya alikuwa amemzidi mwenzake kwa matatu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikashuka kwenye gogo, kanzu yangu ina pindo limeliwa, nikafikiri kwamba sasa ndio wakati wa kuitwa.

Mchezaji ngoma hakuwa amemaliza. "Na huyu je?" akauliza akininyooshea kidole. "Ametutungia sheria. Yeye yumo kitabuni?"

Nsumba ntale mpya alinitazama muda mrefu, kama kawaida yake. "Umo?"

"Simo," nikasema.

"Una jembe?"

"Sina."

"Una ng'ombe wa kumwita?"

Nilitikisa kichwa. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Niliwaandika wote, nikajiona niko juu ya orodha, kumbe nilikuwa nje yake. Nililiona shamba la mama limejaa magugu msimu huu, na mwaka kesho, na miaka yote ya nguvu zake. Nikageuka niondoke kabla sijawalilia mbele ya kijiji kizima.

Ndipo niliposikia nyuma yangu ule mlio mrefu wa ulimi na koo.

Mama alikuwa ametoka shambani, amesimama juu ya ukingo wa mto na jembe begani, ananiita nikale. Alikuwa hajui lolote. Lakini mimi shingo ilikuwa imeshageuka. Iligeuka yenyewe, kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima na msomi.

"Amegeuka!" akapiga kelele yule bibi kizee. "Mmeona? Amegeuka!"

Vicheko vilivyopasuka hapo vilisikika labda mpaka Tinde. Nsumba ntale mkimya naye alicheka, mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo. Akapanda ukingoni, akampokea mama jembe, akashuka nalo alilaze liwe jembe langu. Alipolilaza karibu na mengine, vicheko vikapungua, vikaisha. Majembe ya vijana yalikuwa mapana. La mama lilikuwa limelika mpaka limebaki upana wa kiganja cha mtoto. Vijana walilitazama kama walivyowahi kuitazama mikono yangu, ila safari hii hakuna aliyewaita wenzake.

Daftari nilimpa bibi kizee, akalitia motoni mwenyewe. Mchezaji ngoma alinuna wiki moja, kisha akacheza kwenye sherehe ya aliyemshinda. Baadaye, dhahabu ilipoanza kuchimbwa Geita, alikwenda huko, akawa nyapara, na nasikia watu walimpenda.

Mvua ya kwanza iliponyesha, nsumba ntale hakutangaza tunalima kwa nani. Asubuhi niliwasikia tu wanakuja wanaimba. Nililima nao, mistari yangu imepinda, na kabla jua halijapanda viganja vyangu vilikuwa vimechubuka vyote. Kijana aliyekuwa kando yangu akavishika, akavigeuza, akaniambia nivitemee mate niendelee. Mama alikuwa amesimama pembeni mwa shamba. Jembe lake nilikuwa nalo mimi, naye hakujua mikono yake aiweke wapi.